Kisima Kitamu na Kisima cha Chumvi

Mishi alikuwa mkulima wa Munje, karibu na Msambweni. Alilima mpunga bondeni na muhogo juu, penye mchanga. Kila alfajiri, kabla hajawasha moto, alitoka uani kuteka maji. Hakuwa na safari. Kisima kilikuwa nyuma ya jiko lake.

Zamani haikuwa hivyo. Wanawake wote wa mtaa waliteka maji kwenye kijito cha bondeni. Maji ya kijito yalikuwa na rangi ya udongo. Ng'ombe walikunywa humo, watoto waliogelea humo, na nguo zilifuliwa humo humo. Kisha Matano, mumewe Mishi, alichukua mtaimbo na sururu akachimba kisima katika mwamba wa matumbawe. Kazi ile ilimchukua kiangazi kizima. Mikono ilimchubuka na mgongo ukamuuma. Alipoyafikia maji, yalikuwa maangavu, baridi na matamu.

"Kisima hiki si changu peke yangu," Matano aliwaambia majirani. "Ni sadaka kwa ajili ya marehemu baba. Atakaye na ateke."

Basi watu wakateka. Kijito wakakiacha kwa kufulia na kuoga. Uani kwa Mishi hapakukosa watu. Dama, jirani na rafiki yake, ndiye aliyezoea kuja mapema kuliko wote. Walitekeana maji, wakapeana habari, kisha kila mmoja akaenda shambani kwake.

Mtaani hapo palikuwa na kisima kingine, cha Bi Jumwa. Bi Jumwa alikuwa mjane, mtu mzima sana, na nyumba yake ilikuwa pembeni kabisa, mbele ya msitu. Maji yake yalikuwa na chumvi kidogo. Watu waliyafanyia mzaha. Walisema, "Ukipika wali kwa maji ya Bi Jumwa, huna haja ya kutia chumvi." Bi Jumwa hakujali. "Nimeyanywa tangu nilipoolewa," alisema. "Nikinywa mengine naona hayana ladha."

Mwaka wa hamsini na tano ulitoka mwito wa serikali kwamba kila nyumba iwe na choo cha shimo. Matano hakuwa mtu wa kungoja kusukumwa. Alizunguka ng'ambo ya nyumba, upande wa juu, akakuta mahali penye tundu katika mwamba. Alitupa kijiwe, akakisikia kikigonga chini, mbali. Akafurahi. Alitanua mdomo wa lile tundu, akaweka magogo juu, akajenga kiambaza cha makuti. Choo kikawa tayari kabla wenzake hawajafika magotini kwa kuchimba.

"Na uzuri wake," aliwaambia watu baadaye, "hakijai. Vyenu vinajaa, changu hakijai."

Watu walikisifu choo cha Matano. Wengine walitamani kupata tundu kama lile.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa makubwa. Mvua ilinyesha mchana na usiku, na maji ya kisima yakapanda mpaka Mishi akawa anateka kwa kamba fupi. Ndipo ugonjwa ulipoingia mtaani. Mtu alianza kwa kuumwa kichwa. Homa ikafuata, ikapanda kila siku, tumbo likavimba, akawa hana nguvu hata ya kukaa kitako. Aliyepona leo, kesho aliugua ndugu yake.

Mtoto wa Dama aliyeitwa Tsuma aliugua sana. Alikuwa na kiu isiyokwisha. Dama alikuwa amechoka kwa kukesha, kwa hiyo Mishi alikuwa akimpelekea maji. Aliyateka yakiwa baridi, akamwinua mtoto kichwa, akamnywesha kwa kata. "Kunywa, baba," alimwambia. "Maji ni dawa."

Tsuma alifariki asubuhi. Alizikwa kabla ya alasiri.

Baada ya mazishi watu walianza kunong'ona. Mishi alikuwa bondeni akipalilia mpunga alipowasikia wanawake wawili wakisemezana.

"Mbona yule bibi wa pembeni haugui?" alisema mmoja.

"Hata kikohozi hana," alijibu mwenziwe. "Sisi tunazika, yeye anasuka mikeka."

"Na ana kijicho na kisima cha Matano tangu zamani. Watu walimcheka."

Maneno yale yalienea upesi. Watu wakaacha kumwamkia Bi Jumwa. Mtu mmoja, hakujulikana ni nani, aliua kuku wake na kumtupia mlangoni. Mzee Mwero, mzee wa mtaa, aliwakusanya wanaume, na baada ya maneno mengi wakakubaliana kwamba mpunga ukivunwa Bi Jumwa aambiwe ahame. Matano alikuwa hapo, naye alikubali.

Siku moja Mishi alikutana na Bi Jumwa njiani. Njia ilikuwa nyembamba. Mishi alitazama chini, akapita bila kusema neno. Alisikia nyuma yake fimbo ya yule bibi ikisimama, kisha ikaendelea.

Siku chache baadaye Chiku, binti yake Mishi, aliamka na homa.

Mishi hakungoja. Alikuwa ameshaona jinsi Tsuma alivyokwenda. Matano na jamaa zake walimbeba Chiku kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, wakapata lori, wakamfikisha hospitali ya Msambweni. Mganga alimpima, akasema, "Hii ni homa ya matumbo. Mmewahi kumleta. Ataugua kitambo, lakini dawa ipo." Kisha akauliza, "Mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya kisima chetu," alisema Matano. "Maji safi kabisa."

Mganga hakubishana naye. Lakini wiki ile ile alikuja Munje mtu mmoja juu ya baiskeli, nyuma amefunga sanduku la mbao. Aliitwa Alfani. Alikuwa bwana afya, kijana mtaratibu, mwenyeji wa Majoreni. Alipiga hodi, akakaribishwa, akaamkiana na watu. Hakuanza kazi mpaka alipomaliza kahawa.

"Nimekuja kuyapima maji," alimwambia Mishi. "Yote ya hapa. Ya kisima chako, ya kijito, na ya kisima kingine kama kipo."

"Maji hupimwa vipi?" aliuliza Mishi. "Kwa kuyaonja?"

Alfani alifungua sanduku. Ndani mlikuwa na chupa ndogo za kioo zenye vizibo. "Ulimi unajua chumvi na sukari," alisema. "Jicho linajua matope. Lakini vijidudu vya homa ya matumbo havina ladha wala rangi. Ni vidogo mno. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo, nayo yamejaa vijidudu hivyo. Chupa hizi zimechemshwa. Nikitia maji, nazifunga, nazipeleka Mombasa kunako mitambo ya kuvitafuta."

Alijaza chupa moja kisimani kwa Matano. Akaenda bondeni akajaza nyingine, moja juu ya mahali pa ng'ombe na moja chini yake. Mishi alimwongoza. Alfani aliinama ukingoni, akaokota konokono mdogo kwenye jani.

"Watoto wenu hukojoa damu?" aliuliza.

"Wavulana wengine, ndiyo. Watu husema ni kukua."

"Si kukua. Ni kichocho. Kinaishi ndani ya konokono hawa, kisha kinaingia mwilini kwa kupenya ngozi. Mtoto akikojoa majini, kinarudi kwa konokono. Basi watoto wasioge hapa wala wasikojoe hapa, na mwenye mkojo wa damu apelekwe hospitali."

Walipokuwa wakirudi Alfani alimwuliza jambo ambalo Mishi hakulitazamia.

"Waliougua nimeshaambiwa. Sasa nitajie ambao hawakuugua."

Mishi hakutaka jina lile litoke kinywani mwake mbele ya mgeni. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo, "Bi Jumwa. Yule bibi wa pembeni."

"Anakunywa maji ya wapi?"

"Ya kwake. Ana kisima cha chumvi chumvi."

"Na nyumba gani nyingine haikuugua?"

Mishi alifikiri. Alizipitia nyumba moja moja moyoni. "Nyumba ya Garama," alisema. "Wale wafugaji walioshuka kutoka bara." Akasimama njiani. "Na wao wanateka kwa Bi Jumwa. Ni karibu na zizi lao."

Mishi alikuwa ameshaelewa. Alimkumbuka Tsuma, na ile kata, na maji baridi aliyomnywesha.

Alfani alikwenda kwa Bi Jumwa akajaza chupa ya mwisho, kisha akaondoka.

Majibu yalipotoka Mombasa Alfani alirudi. Aliketi barazani na Matano, Mishi na Mzee Mwero. Alisema bila kuzunguka, "Maji ya kijito ni machafu. Maji ya Bi Jumwa ni salama. Maji ya kisima hiki yana uchafu wa choo, tena mwingi."

Matano alisimama. "Bwana, uchafu wa choo? Kisima changu na choo changu kuna nyumba nzima katikati. Na katikati yake ni jiwe. Nimelichimba mimi mwenyewe, nalijua."

"Choo chako kiko upande gani?" aliuliza Alfani.

"Upande wa juu. Upande wa bara."

"Naambiwa hakijai."

"Ndiyo. Hakijai."

"Kinachotiwa ndani kinakwenda wapi?"

Matano aliketi tena. Kisha akasema, "Kinakwenda chini. Mimi siamini kwamba kinafika kisimani. Nionyeshe."

"Nitakuonyesha," alisema Alfani, wala hakukasirika.

Alitoa kopo lenye unga mwekundu. Aliwaeleza kwamba ule ni unga wa rangi tu, haudhuru mtu, na ukiingia majini hugeuka kijani. Jioni ile waliumimina chooni, wakaufuatishia ndoo za maji. Alfani akalala kwa Mzee Mwero.

Asubuhi habari ilikuwa imeshaenea, na uani kwa Mishi palijaa watu. Dama alikuja pia, akasimama nyuma na mtungi wake mtupu. Mishi alishusha debe kisimani akalivuta. Maji yalikuwa maangavu. Matano alitabasamu kidogo.

"Tungoje," alisema Alfani.

Walingoja. Wengine waliondoka wakaenda shambani, wakarudi. Jua lilipofika utosini Mishi alishusha debe tena. Alipolivuta aliona kabla ya wengine, maana lilikuwa mikononi mwake. Maji yalikuwa kijani, kama majani machanga ya mgomba.

Matano alilichukua lile debe, akayatazama maji, akageuka akakitazama choo. Kisha akayamwaga chini polepole.

"Mwamba wetu ni kama mkate wa kumimina," alieleza Alfani. "Kwa nje unauona mgumu. Ndani una matundu na nyufa kila mahali. Mchanga huchuja maji, lakini ufa hauchuji. Yanayoingia huku yanatokea kule kama yalivyo. Na maji ya chini ya ardhi hutembea. Hapa kwetu yanatoka bara, yanakwenda baharini, kama ya kijito. Choo kikiwa juu na kisima chini, mnakunywa choo. Mvua ikizidi, ndiyo yanakwenda upesi zaidi."

"Na kwa Bi Jumwa?" aliuliza Mzee Mwero.

"Nyuma ya kisima chake, upande wa bara, ni msitu mtupu. Hapana choo, na zizi la Garama liko chini, upande wa pwani. Ile chumvi ni ya ardhi, haina ubaya."

Matano aliketi juu ya jiwe. "Basi ni mimi niliyewanywesha," alisema.

"Ulichimba kisima kwa nia njema," alisema Alfani, "na choo pia kwa nia njema. Lakini nia njema haizibi ufa. Tutauziba kwa kazi."

Mishi aligeuka kumtafuta Dama. Dama alikuwa ameshajitwika mtungi wake mtupu na kwenda zake.

Jioni Mishi alimfuata. Alimkuta jikoni, hajawasha moto. Aliketi karibu naye.

"Nilimpa kwa mkono wangu," alisema Mishi.

"Nilikuona," alisema Dama. "Mimi pia nilimpa. Tulikuwa tukimpa sote wawili." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Nenda, Mishi. Sina kinyongo nawe, lakini leo sitaki kuzungumza."

Mishi akaenda.

Kisima cha Matano kilifungwa. Maji ya kunywa yalibaki kwa Bi Jumwa peke yake. Kesho yake Mzee Mwero, Matano na Mishi walikwenda kwake. Walipiga hodi, hawakujibiwa. Wakapiga tena.

"Karibuni," ilisema sauti kutoka ndani. "Nadhani leo mmeniona."

Bi Jumwa alikuwa ameketi mkekani akisuka ukili. Hakusimama. Mzee Mwero alimweleza habari yote, ya chupa, ya unga na ya maji ya kijani. Yule bibi alisikiliza bila kuacha kusuka.

"Mlitaka nihame baada ya mavuno," alisema. "Mpunga bado umesimama."

"Hayo tumeyafuta," alisema Mzee Mwero. "Tulikosa, Bi Jumwa. Tuwie radhi."

"Tuwie radhi, mama," alisema Matano. "Mimi nilikuwa mmoja wao."

"Najua. Niliambiwa." Bi Jumwa aliuweka ukili chini. "Radhi yangu itakuja polepole, kama magoti yangu. Lakini maji tekeni. Sikuyatia mimi humo ardhini. Neno langu ni moja. Kila atakayekuja kuteka apite mlangoni hapa aniamkie kwanza. Masika haya yote nimekaa sikusikia mtu."

Mishi alipiga magoti karibu na mkeka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Jumwa. Akamtazama. "Chiku wako anaendeleaje?"

"Anapata nafuu. Ameanza kula uji."

"Alhamdulillahi. Sasa, umekuja kuteka maji bila ndoo?"

Kazi ilianza mtaani. Alfani alikuja mara kwa mara kuwaelekeza. Choo cha Matano kilibomolewa, na lile tundu likajazwa mawe na udongo na kushindiliwa. Choo kipya kilichimbwa upande wa pwani, chini ya kisima na mbali nacho. Mara ya kwanza Matano alikutana na ufa katika mwamba.

"Hapa pana wepesi wa kuchimba," alisema msaidizi wake.

"Ndiyo maana tunahama," alijibu Matano, akafukia, akaanza upya pahali pengine. Shimo hili halikuwa refu sana, na chini yake palikuwa na mchanga. Alijua kwamba siku moja litajaa, na hakusikitika.

Kisima chenyewe kilitekwa maji mpaka kikakauka. Walisugua kuta zake, wakatia dawa ya unga mweupe yenye harufu kali. Walijenga ukuta wa mawe na saruji kukizunguka, ili maji ya mvua yasitiririkie ndani, wakakifunika kwa mbao. Kila mtu alikuwa akija na chombo chake cha kutekea. Sasa iliwekwa ndoo moja, yenye kamba yake, isiyowekwa chini kwenye udongo wala kutolewa hapo. Na bondeni palichaguliwa mahali pa ng'ombe kunywea, chini kabisa.

"Hata hivyo chemsheni maji ya kunywa," aliwaambia Alfani. "Yachemke kweli, yatokote. Na mikono ioshwe kwa sabuni mtu atokapo chooni. Kisima kizuri hakimsaidii mwenye mikono michafu."

Wengine walichemsha, wengine waliona uvivu. Mishi hakuona uvivu. Alitenga chungu kimoja kwa kazi hiyo tu, na Chiku, aliporudi kutoka hospitali amekonda shingo, alipewa kazi ya kukifunika.

Alfani alipeleka chupa Mombasa tena na tena. Majibu ya kwanza hayakuwa mazuri. Ya pili yalikuwa afadhali. Kisima kiliendelea kufungwa, na watu wakaendelea kumwamkia Bi Jumwa kila asubuhi. Ilipofika kiangazi majibu yalikuja safi, na mbao za kisima zikafunguliwa. Mwaka uliofuata masika yalipiga kama kawaida yake, na watu wakangoja kwa hofu. Mafua yalikuwapo, na malaria. Homa ya matumbo haikuonekana mtaani.

Muda huo wote Dama alikuwa akimsalimu Mishi vizuri, lakini hakuwa ameingia uani kwake. Alikuwa akiteka kwa Bi Jumwa. Mishi hakumlazimisha.

Siku moja baada ya mvua kukatika, Mishi alikuwa akipepeta mchele aliposikia hodi. Ilikuwa sauti ya Dama. Alikuja, akaketi juu ya kibao, akatazama ukuta mpya wa kisima.

"Nina kiu," alisema. "Maji yako umeyachemsha?"

"Nimeyachemsha jana usiku. Yamepoa."

Mishi alimimina. Dama aliyapokea, akanywa yote, akarudisha kata.

"Kaka yangu Rai yuko Bodo," alisema. "Anataka kuchimba choo. Ameniletea salamu kwamba amepata bahati, amekuta tundu tayari katika mwamba, halina mwisho. Tena kisima chake kiko upande wa chini, karibu na mikoko."

Mishi aliweka ungo chini. "Ameshaanza?"

"Alisema anaanza wiki hii. Nimefikiri nimtumie salamu, lakini namjua kaka yangu. Ni mbishi kama mumeo."

"Basi tusitume salamu," alisema Mishi. "Twende wenyewe."

Alimwita Chiku aangalie chungu. Akavaa leso yake ya kutokea, na wote wawili wakashika njia ya Bodo kabla jua halijawa kali.